Mum Anaenda Peru

Jumatatu, 12 Mei

Peru! Mimi ambaye mwisho wangu ni Busia, na Busia yenyewe nilikaa saa tatu tu, leo nimepewa kupanga safari ya Peru. Ofisi yetu hapa Kawangware kazi yake ni tiketi za treni ya Mombasa na watu wa kwenda Dubai kununua nguo. Saa nne akaingia Irungu, yule mwenye plot tatu za kupangisha nyuma ya soko, akakaa bila kukaribishwa, akasema anataka Amerika Kusini. Yote. Bahari, jangwa, msitu, milima. Ametimiza hamsini na tano na hajawahi kupumzika hata wiki moja.

Alikuwa na kabinti kake ka sare ya shule, miaka tisa, soksi zimeshuka. Akakaambia, "Mum, salimia anti." Kakanisalimia. Ishmael, bosi wangu, akashangaa mtu kumwita mwanawe Mum. Walipoondoka nikamweleza kwa madaha: kwa Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hivyo baba akimwita mtoto ni kama anamwita mamake. Mtoto anaitwa Wakarima, na nyanya ni Wakarima. Nimekaa na watu hawa miaka kumi, nayajua haya. Ishmael akanitazama kwa heshima. Nilijisikia!

Wasafiri ni wanne. Irungu, mkewe Wanja, kijana wao Eugene aliyemaliza kidato cha nne, na Mum. Visa na pasipoti ni za Ishmael, hataki mtu aziguse. Mimi ni hoteli na mpango wa siku kwa siku. Ameniambia nikiharibu hii nitakata tiketi za treni hadi nizeeke. Hakuwa anatania.

Jumatano, 14 Mei

Nimesoma hadi macho yanawasha. Nchi hii ilishindwa kuchagua. Pwani yake ni jangwa. Ukipanda unakuta miji mikubwa iliyo juu kuliko mahali popote mtu wa kawaida analala Kenya, ukishuka upande wa pili ni msitu wa mvua. Na Juni huko juu ni baridi kweli — mchana jua, usiku barafu.

Irungu anapiga simu mara tano kwa siku. Zote ni Mum. Mum halali chumba peke yake. Chakula cha Mum kisiwe na chumvi nyingi. Mum akichoka tupumzike, usimkimbize. Naandika yote. Baba wa namna hii sijaona. Wangu alikuwa hajui hata niko darasa la ngapi.

Kwa hivyo kila hoteli nimeomba kitanda kidogo cha mtoto. Jangwani nimeweka kuteleza kwenye vilima vya mchanga kwa ubao, Mum atapenda. Na huko juu nimepata kitu cha ajabu. Mwezi wa Juni wakulima wanamwaga viazi nje usiku vigande kwa baridi. Asubuhi wanavikanyaga kwa miguu mitupu maji yatoke, halafu jua linavikausha. Vikikauka vinakaa miaka! Wageni wanaruhusiwa kukanyaga pia. Mtoto gani atakataa kukanyaga viazi? Nimeandika kwa herufi kubwa: SIKU YA VIAZI.

Adhis anasema mimi napangia watu Peru na hapa mtaani kwetu Olympic maji hayajatoka tangu Jumapili. Ndiye dada yangu na ndiye nesi, kwa hivyo anadhani ana haki ya kusema lolote. Nikamwambia mtungi uko mlangoni.

Ijumaa, 23 Mei

Mpango umekubaliwa! Siku kumi na tano. Siku ya tatu tu wanaruka kutoka Lima, pwani, moja kwa moja hadi kule juu penye ziwa kubwa, mita elfu tatu na mia nane. Nimeokoa siku nzima ya barabara. Ishmael amenisifu mbele ya wateja.

Irungu alisoma ukurasa mmoja, kurasa nyingine zote akasema Eugene atawasomea nyumbani. Alipofika pa Mum kuteleza kwa ubao alicheka hadi akavua miwani. "Awiti, wewe utaniua. Mum kwa ubao!" Nikacheka pia. Anaipenda familia yake huyu mzee.

Jumatano, 28 Mei

Niandike polepole.

Irungu alipiga saa tano. Yuko kliniki, sindano ya homa ya manjano kwa ajili ya ule msitu. Wamemkatalia Mum kwa sababu ya umri, wanataka barua ya daktari kwanza. Nikawaka. Nikamwambia hao hawajui kazi, mtoto wa miaka tisa anachomwa bila shida yoyote, anipe huyo nesi nimweleze.

Kisha akasema, "Miaka tisa? Awiti, Mum ako na sabini na tisa."

Nikasema Mum, Wakarima, yule wa sare. Akanijibu taratibu, kana kwamba mimi ndiye mtoto: "Huyo ako shule, anabaki na dadake Wanja. Mum ni Mum. Mathe yangu."

Anawaita wote wawili Mum! Mdogo ni Mum kwa jina, mkubwa ni Mum kwa kumzaa. Na mimi mjuaji wa mila za watu sikuuliza swali moja. Nilimwambia nimechanganya kidogo, nitarekebisha. Kidogo!

Vitanda vya mtoto. Ubao. Chumvi — chumvi ni ya presha! Mtoto gani hukatazwa chumvi? Nilikuwa nafikiria nini?

Alhamisi, 29 Mei

Jana usiku nilimuuliza Adhis kama mtu anayeuliza habari za jirani: mama wa miaka sabini na tisa, ana presha, anatolewa baharini kwa ndege na siku hiyo hiyo analala mita elfu tatu na mia nane. Akaweka kikombe chini. Akauliza ni nani. Nilipomwambia hakucheka hata kidogo. Amesema huko hewa ni nyembamba, hata kijana anaumwa kichwa na kutapika, na moyo wa mzee unaweza kushindwa usiku mmoja tu. Amesema, "Umempangia kifo, dada." Usingizi uliisha hapo.

Asubuhi Ishmael amesikiliza huku anapanga kalamu zake. Uamuzi wake: badilisha vitanda, acha njia ilivyo, tuwape fomu ya kukubali hatari watie sahihi. Kila kitu kimeshawekwa, kugusa njia ni kugusa kila hoteli. Nikamwambia sitafanya hivyo. Akasema basi nitafute mwenyewe maneno ya kumwambia Irungu, na nisitaje ofisi.

Nitaenda kwake Jumamosi. Nitamwambia uso kwa uso.

Jumamosi, 31 Mei

Irungu hakuwepo, bomba limepasuka kwenye plot. Wanja akanipeleka nyuma ya nyumba nimsubiri Irungu pamoja na shosho, mamake.

Nyumba ni ya mawe, ya zamani, imebanwa na ghorofa mbili ambazo ni za Irungu mwenyewe. Katikati kuna kipande cha ardhi upana wa chumba. Huko ndiko aliko Mum, ameinama na jembe, maji ya nguo za wapangaji yanamdondokea. Viazi. Waru, kama anavyoviita, mistari minne. Mwembamba, kitambaa cha kijani, viatu vya mpira. Nilimsalimia nikamwambia mimi ni Awiti wa safari. Akaacha jembe.

Akaniambia pale penye ghorofa zote palikuwa waru. Amezipanda hapa kabla ya barabara, kabla ya mabati, kabla ya Irungu kuzaliwa. Watoto wakagawana ardhi, wakajenga, akabakiwa na mistari hii minne. Hakulalamika, alikuwa anahesabu tu. Kisha akauliza kama ni kweli waru zilitoka huko tunakoenda. Nikamwambia ndiyo, ndiko kwao. "Na hao watu wanazikanyaga zikae miaka? Zangu zinaoza mwezi mmoja." Eugene amemsomea Siku ya Viazi mara nne. Bahari hataki, jangwa hataki. Anataka kuona hao wanawake wanafanyaje.

Hapo nikajua kumwambia asipande huko juu hakutakuwa rahisi kama nilivyodhani.

Akainuka aniletee chai. Hakufika. Akashika waya wa nguo, macho wazi lakini hanioni. Nikamdaka kabla hajaanguka. Mzito wa ajabu kwa mtu mwembamba hivyo. Nilitaka kumwita Wanja, Mum akanibana mkono. Baada ya dakika hivi akasema imepita, huwa inapita. Huwa! Tangu lini? Tangu Pasaka, akasema, mara tatu au nne. Hakuna anayejua.

"Irungu akijua atanifungia hapa kama kuku," akasema. "Msichana, usimwambie. Nimekuomba hiyo moja tu."

Niliitikia kwa kichwa. Mungu anisamehe, niliitikia.

Irungu akaja na matope hadi magotini. Nilimweleza kosa langu lote: nilipangia mtoto, si mama. Ya vitanda alicheka. Ya hewa hakucheka. Lakini hakunifokea, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Akasema nipange upya kwa ajili ya Mum, yeye atampeleka kwa daktari. "Nakuamini, Awiti. Ungenyamaza nisingejua." Mum alikuwa amekaa kando anamenya viazi, hakuinua uso.

Jumanne, 3 Juni

Siku tatu nimepangua kila kitu. Msitu nimeutoa. Wanakaa baharini kwanza, wanapanda hatua kwa hatua, Arequipa, mji ulio nusu ya njia ya kupanda, siku nne, kisha bonde moja la mwinuko wa wastani, wapumzike tena. Kule juu kabisa ni usiku mmoja tu, Siku ya Viazi, na gari la kushuka linasubiri mlangoni na mtungi wa hewa ndani. Nimeandikiana na mtu wa huko hadi kamusi ya simu imechoka. Huu ndio mpango mzuri kuliko wote niliowahi kufanya. Ishmael hanisemeshi.

Ningeweza kuiondoa Siku ya Viazi. Nilifuta. Nikairudisha. Nikafuta tena, nikaona kipande kile cha ardhi, nikairudisha.

Alhamisi, 5 Juni

Irungu amepiga kwa furaha. Daktari amekubali! Barua ya kumsamehe sindano ameandika pia, aonyeshe uwanja wa ndege. Anasema mpango ni wa mtu mwenye akili. Ila kwa masharti: wapande polepole, dawa zisikose, na awe hajapata kizunguzungu wala kuanguka mwaka huu. Angekuwa amepata, asingemruhusu hata kuvuka Arequipa. Akamuuliza Mum mara mbili.

"Mum akasema hapana, hata siku moja. Huyu mama ni chuma!"

Nikasema, "Eh, ni chuma." Sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

Jumapili, 8 Juni

Sikuimba kanisani. Sikusikia hata mahubiri.

Mtu mmoja tu duniani anajua, na ni mimi. Nikisema, namnyang'anya mama wa watu kitu pekee alichoomba. Nikinyamaza, labda anarudi na picha. Labda anarudi kwenye sanduku. Adhis anauliza kwa nini sili. Sijamwambia. Najua atakachosema, na atakuwa amesema kweli.

Jumatatu, 9 Juni

Mum amenipigia kwa simu ya Eugene. Hakutaja lolote. Aliuliza tu kama huko unakanyaga na soksi au bila. Nikamwambia bila. Akasema vizuri, soksi zingeteleza.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesema.

Irungu alikuja kuchukua pasipoti. Alikuwa amenyoa, ana koti jipya, anatania na Ishmael. Nikamwomba tuteremke nje. Tulisimama mbele ya kinyozi chini ya ofisi, muziki unapiga, ikabidi niseme kwa nguvu jambo ambalo nilitaka kunong'ona. Kizunguzungu. Tangu Pasaka. Nilimdaka mwenyewe. Nilijua siku kumi na mbili.

Aliangalia barabara. Nilitamani anitukane.

"Siku kumi na mbili," akasema. "Na mimi nikakwambia nakuamini." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Mum amenidanganya mbele ya daktari. Mum!"

Akapanda juu. Akachukua pasipoti tatu, ya nne akanipa mkononi. Nikae nayo, Mum ataipata wao wakirudi. Mum habebwi popote. Nilijaribu kumwambia kuna njia ya kati, pwani na Arequipa tu. Daktari hakukataza Arequipa. Akasema hataki kusikia mpango mwingine kutoka kwangu. Ishmael ameambiwa afute tiketi ya Mum.

Nimemweleza Adhis yote. Alinikumbatia, akasema nimefanya la maana. Mbona basi nahisi nimeiba?

Ijumaa, 13 Juni

Hakuna simu kutoka kwa kina Irungu. Nimeshika simu siku nzima.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa ndani ya gari la Irungu, uani kwake. Saa nane na nusu mchana. Wanatakiwa kuwa uwanja wa ndege saa kumi.

Wanja alinipigia saa sita. Mum ameingia kwenye gari baada ya chai ya asubuhi, kiti cha nyuma, koti na kofia ya sufu, na hatoki. Pasta amekuja ameshindwa. Eugene ameshindwa. Irungu amepiga magoti kwenye changarawe, mzee mzima, akamwomba — hata hakumtazama. Amesema ataongea na yule msichana Mjaluo tu, yaani mimi.

Nilidhani atanilaani. Nilifungua mlango nikakaa kando yake. Nje Wakarima mdogo amebandika pua kwenye kioo, hajui kama acheke. Nikamwambia shosho, nilisema kwa sababu naogopa ufe huko.

"Na nikifia hapa hutaogopa?"

Akasema anajua mwili wake, si mtoto. Amezika mume, amezika watoto wawili, amegawa shamba lote kwa mkono wake. Hakuna siku aliyoomba kitu chake mwenyewe. Alisema bila hasira, na afadhali angepandwa na hasira. Niliona haya hadi masikio yakachoma. Mwezi mzima sote tumemchunga huyu mama kama mzigo wa kuvunjika. Mimi kwanza nikamfanya mtoto wa miaka tisa, halafu Irungu naye. Kosa langu la kwanza nililirekebisha. Hili la pili limenishinda kuliona.

Lakini pia nilimdaka. Nilihisi mwili wake ulivyoachilia. Hilo nalo ni kweli.

Nikamwambia bado anaweza kwenda hadi Arequipa, kuona bahari na ule mji mweupe, arudi. Akauliza kama Arequipa wanakanyaga waru. Nikasema hapana. Kisha akasema nimsomee. Nikajua ni nini. Nikafungua simu nikamsomea Siku ya Viazi, polepole, kila neno: jinsi wanavyovimwaga jioni, jinsi asubuhi nyasi zinavyokuwa nyeupe, wanawake wanaingia bila viatu. Alifumba macho. Miguu yake ndani ya viatu vipya ilikuwa inasogea kidogo kidogo.

Nilipomaliza akasema nirudie. Nimerudia.

Sasa naandika ili mikono ipate la kufanya. Anadhani naandika kazi. Ishmael amenitumia ujumbe: tiketi ya Mum hakuifuta, bado iko. Hakueleza kwa nini. Wanja anaweka masanduku nyuma, matatu, na la nne amelishika hajui alipeleke wapi. Ananiangalia mimi.

Irungu ametoka nyumbani. Amesimama barazani, macho mekundu, anatazama saa, anatazama gari. Sasa anakuja. Mum hajafumbua macho, lakini ameuweka mkono wake juu ya goti langu, kiganja kimefunguka. Pasipoti iko ndani ya mkoba wangu tangu juzi, na mkoba nimeshaufungua nimwekee kiganjani.